MAMA KEVINA WA NSAMBYA, MWUGUZI ALIYEFUNDISHA WAUGUZI

Wakaao katika vijiji vya milimani, kama Malindi ya Lushoto na vijiji jirani katika safu za Usambara, wanaijua vema thamani ya mwuguzi aliye karibu. Njia ni za kupanda na kushuka, masika huzijaza utelezi, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana nafasi ya kungoja. Penye mkunga aliyefunzwa, jamaa hulala kwa amani. Asipokuwapo, kila mimba huja na hofu yake. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtawa mmoja wa nchi jirani ya Uganda, aliyeitambua haja hiyo mapema, akaitafutia dawa idumuyo.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 karibu na mji wa Arklow, nchini Ireland, katika nyumba ya mkulima. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi mama yake naye akafariki, akalelewa na bibi yake. Akawa mwalimu. Mwaka 1895 aliingia katika shirika la Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la kitawa, Maria Kevin. Watu wa Uganda, kwa namna ya lugha yao, walimwita Mama Kevina, na kwa jina hilo ndivyo ajulikanavyo hata leo.

Uganda ya siku zile ilikuwa imetoka katika machafuko. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana huko Mengo, na vyama vyao viliitwa vya Wafaransa na vya Waingereza, kana kwamba dini ni kabila. Ili kuondoa dhana hiyo, Roma iliwapa Mapadre wa Mill Hill sehemu ya mashariki ya nchi, na Askofu Henry Hanlon akaweka makao yake juu ya kilima cha Nsambya. Yeye ndiye aliyeomba masista. Desemba 1902 sita kati yao waliondoka London, Sista Kevin akiwa mmojawapo, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya.

Hapakuwa na hospitali iliyowangojea. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa chini ya mwembe. Wakati huo huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa pwani za ziwa. Katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20 watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Buganda na Busoga. Sista Kevin hakuwa daktari. Alijifunza kazi kwa kuifanya: kuosha vidonda, kutoa dawa, kukesha na mgonjwa, kumlea mtoto aliyeachwa yatima. Mwaka 1906 masista walifungua kituo cha Naggalama huko shamba, na mwaka 1913 kingine huko Kamuli, katika Busoga, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kupelekwa mbali.

Vita Kuu ya 1914 ilipoanza, Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi. Wasomaji wetu wamesikia kwa wazee habari za vita ile, maana ilipiganwa katika nchi yetu hii. Wapagazi wengi waliangushwa na njaa, kuhara na homa kuliko risasi, wala hapakuwa na wengi waliowajali. Masista waliwapokea na kuwauguza. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa Mama Kevina nishani kwa utumishi huo.

Lakini palikuwa na jambo zito ambalo subira na huruma peke yake havikuweza kulitatua. Akina mama walikuwa wakifa katika uzazi, na sheria ya Kanisa ya siku zile haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa ilitolewa na Roma mwaka 1936 tu. Je, sista aweze kufunga kidonda cha mpagazi, kisha asimame mlangoni mama anapojifungua? Mama Kevina hakuivunja sheria, wala hakukaa akingoja ibadilishwe. Katika miaka ya 1920, pamoja na daktari mlei, Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga, ili wasichana wa Uganda wenyewe waifanye kazi hiyo.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye ukubwa wake. Angaliweza kuomba wauguzi zaidi kutoka Ulaya, na watu wangalimsifu. Lakini mgeni huja na kuondoka, hupatwa na homa, huitwa kwao na wakubwa wake. Mkunga aliyezaliwa kijijini anaijua lugha ya mgonjwa, anaijua njia ya usiku, na hana kwao kwingine pa kurudi. Wengi wa wakati ule walishuku kama msichana wa Kiafrika anaweza kukabidhiwa dawa na uhai wa mtu. Jibu la Mama Kevina lilikuwa kumfundisha, kisha kumkabidhi.

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, aliwakusanya wasichana wanane waliotaka utawa, akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Wasichana hao nao wakawa walimu, wauguzi na walezi. Baadaye zikaja hospitali za wenye ukoma, Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934, mahali ambapo waliotengwa na jamaa zao walipata tena nyumba na jina. Mwaka 1952 Masista Wamisionari Wafransisko wa Afrika walisimama kama shirika la peke yake, naye akawa Mama Mkuu wao wa kwanza.

Aliiacha kazi hiyo mwaka 1955, mwenye miaka 80, lakini hakupumzika. Alikwenda Marekani, karibu na Boston, kutafuta misaada kwa ajili ya Afrika, na huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Walitaka mama yao arudishwe. Desemba ya mwaka ule, miaka 55 tangu alipoondoka London mara ya kwanza, alizikwa Nkokonjeru. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi kesi ya kumwombea atangazwe mwenye heri. Lakini watu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao: katika Kiganda jina Mama Kevina limekuwa neno la kutaja hospitali au nyumba ya huruma. Masista aliowaanzisha wamefika hata Tanzania, na huko Same, ng'ambo ya bonde litenganishalo Upare na Usambara, kipo kituo cha watoto wenye ulemavu chenye jina lake.

Twawaomba wazazi Wakatoliki walitafakari jambo hili nyumbani. Twapenda kulalamika kwamba zahanati ya kijiji haina wauguzi wa kutosha, na mara nyingi tunasema kweli. Lakini ni wangapi kati yetu huona fahari binti au kijana wao akichagua uuguzi, na kukubali apangiwe kijiji kisicho na umeme? Ni wangapi humsalimu mkunga kwa heshima ile ile wampayo daktari wa mjini? Majengo hujengwa kwa misaada hata kutoka mbali. Wauguzi hutoka katika nyumba zetu, na asiyewatoa asishangae atakapokosa wa kumwita usiku.