Marijani Rajabu: Jabali la Muziki tuliyemjua kwenye luninga ya babu, Tandika

Leo naomba tumkumbuke mtu ambaye wengi wetu wa kizazi cha kati tulimpenda bila kumwona hata siku moja. Sauti tunaijua, nyimbo tunazijua hadi pumzi zake, lakini ukiulizwa alikuwa anatembeaje, anachekaje, jibu huna. Namzungumzia Marijani Rajabu, Doza, Jabali la Muziki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nakaa kwa babu na bibi, Tandika, wilayani Temeke. Sebuleni kulikuwa na luninga moja ya chogo, imefunikwa kitambaa alichofuma bibi mwenyewe. Antena ilifungwa juu ya mlingoti nje ya nyumba, na kazi ya kuuzungusha ilikuwa yangu. Zikianza chenga natoka mbio, nazungusha kidogo kidogo huku watu wa ndani wanapiga kelele kila mmoja na lake, mpaka picha ikae. Hapo kama hakuna mgao wa umeme. Ukiwepo mgao, basi tena, mnarudi kwenye redio ya mawe.

Kituo kimoja kilikuwa na kipindi cha zilipendwa siku ya Jumapili jioni. Siku hiyo bibi alikuwa anapika mapema makusudi. Majirani wanaingia na vigoda vyao, watoto tunakaa chini kwenye mkeka, babu kwenye kiti chake ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukikalia. Bendi zikianza, wazee wanaanza kubishana nani kapiga solo na nani kaimba ya pili. Sie watoto tulikuwa tunacheka tu zile suruali za pekosi na viatu vya raizoni kwenye picha za zamani.

Ilipofika zamu ya Marijani, mara nyingi kwenye kioo tulikuwa tunaona picha mnato, hiyo hiyo, wimbo unaanza mpaka unaisha. Nikawa najiuliza, mbona wengine wanaonekana wanacheza, huyu hachezi? Nilikuja kuelewa baadaye. Tanzania Bara haikuwa na luninga kabisa mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV na DTV. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini sie huku Bara ilikuwa redio tu. Na Marijani alifariki tarehe 23 Machi 1995. Yaani luninga inabisha hodi, yeye anaaga.

Sasa tuanze mwanzo. Marijani alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 pale pale Kariakoo, Dar es Salaam. Mtoto wa mjini hasa. Utotoni alisoma Kurani kama watoto wengi wa Kariakoo, na waliomsikia akiimba ukubwani wanasema ule mvuto wa sauti si bure. Ujana wake ulimkuta wakati jiji linawaka muziki. Rekodi za Kongo zinaingia kwa wingi, vijana wanawaiga kina Tabu Ley, na kila mtaa una kijana anayejiona mwimbaji. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa mwimbaji kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa hajafika hata miaka 20, aliingia STC Jazz, bendi ya lile Shirika la Biashara la Taifa, iliyokuwa chini ya mpiga gitaa Raphael Sabuni. Wasomaji vijana wajue kwamba enzi hizo mashirika ya umma, majeshi na vyama ndivyo vilivyokuwa na bendi. Wafanyakazi walikuwa na NUTA Jazz, polisi wana yao, JKT wana zao, Umoja wa Vijana wana Vijana Jazz, bima wakaja na Bima Lee. Vyombo ni mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki anakuja na koo lake na vidole vyake, akiondoka anaondoka hivyo hivyo.

Mwaka 1972 akahamia Safari Trippers, na hapo ndipo nchi ikamjua. Rosa Nenda Shule, Georgina, Mkuki Moyoni, zote ni za kipindi hicho. Bibi yangu alikuwa mtu wa Trippers, hakutaka kusikia kingine. Rosa Nenda Shule ikipigwa alikuwa anatugeukia sie wajukuu kana kwamba wimbo umetungwa kwa ajili ya daftari zetu za hesabu. Ndiyo ulikuwa ujanja wa Marijani. Kijana wa miaka ishirini anamtungia wimbo msichana, halafu ndani yake kuna jambo ambalo hata mzazi mkali hawezi kulipinga.

Tatizo lilikuwa kurekodi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Bendi zilizotaka sahani zilikwenda Nairobi, kwenye kampuni kama Philips. Waliobaki nyumbani walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, baada ya mashairi kupitiwa kwanza. Wimbo ukishapita unapigwa nchi nzima, Kigoma mpaka Mtwara, na jina linakuwa kubwa. Lakini jina si pesa. Mwanamuziki alikuwa anapata kidogo siku ya kurekodi, na wimbo ukipigwa mara elfu moja baada ya hapo, hakuna kinachorudi mfukoni kwake.

Safari Trippers ikafika mwisho wake, na kabla miaka ya 1970 haijaisha Marijani akawa Dar International. Mwaka 1978 wanamuziki wakubwa wa bendi hiyo waliondoka na kwenda kuanzisha Mlimani Park, ile iliyokuja kuitwa Sikinde. Bendi nyingine ingefungwa siku hiyo hiyo. Hebu fikiria timu ya mpira inapoteza nusu ya wachezaji wa kwanza kwa mpigo. Marijani akabaki na Dar International, wakakusanywa vijana wengine, na humo ndimo zilimotoka Zuwena, Mwanameka na Masudi. Mnaozijua hamna haja ya maelezo. Msiozijua, tafuteni leo, kisha mtanishukuru.

Babu alikuwa mtu wa Dar International, na hapo ndipo ugomvi wake na bibi ulipokuwa. Babu alisema Trippers ni muziki wa watoto wa shule, Dar International ndiyo ya watu wazima. Bibi alimjibu kwamba alikuwa haendi kusikiliza muziki, alikuwa anakwenda kuangalia wasichana. Tunacheka mpaka wimbo unaisha hatujausikia.

Kilichomfanya Marijani awe Jabali, kwa maoni yangu, ni zile hadithi. Nyimbo zake zina watu wenye majina, wana nyumba, wana majirani, wana makosa. Unasikiliza kama vile shangazi yako anakusimulia habari za mtaa wa pili. Ukewenza ukipigwa pale sebuleni kina mama walikuwa kimya, kila mmoja anamfikiria mtu wake. Alizungumzia ndoa, umaskini, ujambazi, elimu, bila kupiga mtu kichwani na mahubiri. Na Kiswahili chake ni kile cha Kariakoo, safi lakini cha kuongea.

Ila miaka ya 1980 haikuwa na huruma. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha nchi hoi, fedha za kigeni hakuna, bidhaa madukani hakuna. Gitaa likiharibika, spea hakuna. Vyombo vya bendi nyingi vilichakaa na havikupata mbadala. Mbele ya hapo likaja wimbi la kaseti. Maduka yanarekodi kanda moja hadi nyingine, unakwenda na kaseti tupu unarudi na nyimbo za watu. Mwenye duka anakula, mwenye kaseti anafurahi, mtunzi hana habari. Dar International ikafifia. Marijani akapita kwenye bendi nyingine, kwa Mwenge Jazz, kwa Kurugenzi ya Arusha, lakini ile nguvu ya zamani haikurudi.

Mwisho wa maisha yake, mtu huyu ambaye sauti yake ilikuwa inaamsha na kulaza nchi, alikuwa anajipatia riziki kwa kuuza kanda za nyimbo zake mwenyewe, huko huko Kariakoo alikozaliwa. Mwezi aliofariki ndio aliotimiza miaka 40. Akazikwa makaburi ya Kisutu.

Nirudi Tandika nimalizie. Jumapili moja Zuwena ilipigwa, na ile picha yake ikatokea. Majirani wakashangilia. Babu akanyamaza, akamwomba bibi apunguze sauti. Halafu akatusimulia kitu ambacho hata bibi alikuwa hakijui. Alisema miaka ile ya 1990, akiwa bado anafanya kazi bandarini, siku moja alipita Kariakoo akamwona Marijani mwenyewe na kanda zake. Alimtambua palepale. Alisimama, wakasalimiana vizuri, wakacheka. Mfukoni alikuwa na hela ya kutosha kanda moja. Hakununua. Sababu? Nyimbo zile alikuwa nazo tayari nyumbani, amerekodiwa dukani kwa bei poa. Akaagana naye, akapanda basi, akarudi Temeke. Miezi michache baadaye akasikia redioni kwamba amefariki.

Babu hakulia wala hakufanya nini. Alisema tu kwamba kanda ile ya dukani aliitafuta siku hiyo akaitia kwenye kabati, na tangu hapo hajaipiga tena. Anasubiri luninga. Bibi akapandisha sauti, tukaangalia kipindi mpaka mwisho, hakuna aliyebisha nani kapiga solo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoleta COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya Marijani kuzikwa. Kwake ilichelewa. Na tusiwaseme wenye maduka ya kaseti peke yao, maana hata sasa ambapo kila kitu kiko kwenye simu, ni wangapi tunajiuliza wimbo wa zilipendwa tunaousikiliza unamlipa nani? Watunzi wengi wa enzi ile wametangulia, lakini wapo wachache tunao, na wapo wajane na watoto. Mwingine unapishana naye stendi ya Tandika au Magomeni, mzee wa kawaida na mfuko wake wa mboga, hujui kwamba ndiye aliyepiga besi kwenye harusi ya wazazi wako.

Babu na bibi wote wameshatangulia mbele ya haki. Chogo ilikufa zamani, mlingoti tulikuja kuugeuza nguzo ya kuanikia nguo. Kabati ilinifikia mimi, na kaseti ilikuwemo. Sijaipiga. Nilichofanya, kila nikimwona mzee wa muziki anauza kazi yake mwenyewe, nanunua, hata kama ninayo.

Mungu amrehemu Marijani Rajabu. Wadau wa Kinondoni, Ilala na Temeke mliowahi kumwona jukwaani, tupeni habari: alikuwa anasimamaje, anachezaje? Sie tuna ile picha moja tu.