Mtunga riwaya na vipepeo wake

Nimezikodolea macho picha mbili za vipepeo wadogo wa rangi ya samawati, zilizopigwa katika malisho ya milimani, nisione tofauti yoyote baina yao. Ndipo nilipomwonea haya Vladimir Nabokov, ambaye kwa miaka mingi nilimjua kwa riwaya ya Lolita peke yake, na habari za vipepeo wake nikizidhania kuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi.

Nafasi hiyo hakuwa nayo. Alizaliwa Saint Petersburg mwaka wa 1899 katika jamaa ya kitajiri, lakini mapinduzi ya 1917 yaliwapokonya mali, wakaikimbia Urusi mwaka wa 1919. Alihangaika Ujerumani na Ufaransa hata akafika Marekani mwaka wa 1940. Katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard aliinamia hadubini hadi macho yakadhoofika. Rangi ya bawa hudanganya (kwa hiyo picha zangu zisingemfaa sana). Yeye alipambanua aina za vipepeo kwa viungo vya uzazi vya dume, vidogo ajabu.

Mwaka wa 1949 alimpa jina kipepeo mmoja wa Colorado kwa kutazama madume waliohifadhiwa tu. Kiangazi cha 1951 akaenda mwenyewe Telluride, akaparamia mteremko mkali wenye maua siku baada ya siku, mawingu ya mvua yakimkatiza kazi, hata akampata jike.

Lakini kubwa zaidi ni andiko lake la 1945. Alidai kwamba vipepeo wa samawati wa Amerika walitoka Asia, wakapitia Bering kwa mawimbi matano, na kwamba wa kwanza walishuka hadi Chile. Wataalamu wengi hawakumjali. Kwani hakuwa mtunga hadithi asiye na shahada ya elimu ya wadudu? Nasi tunao ugonjwa huo: twauliza cheti kwanza, hoja baadaye.

Mwaka wa 2011 watafiti, akiwamo Naomi Pierce wa Harvard iyo hiyo, walichunguza jeni za vipepeo hao. Wakakuta mawimbi matano, kwa mpangilio ule ule alioutaja. Nabokov alikuwa amefariki Uswisi mwaka wa 1977.

Zile picha mbili zingali mezani pangu. Sijathubutu kuandika jina chini ya hata moja.