Samuel Goldwyn, Mwuza Glavu Aliyetengeneza Sinema

Mara hii hatuwaletei maisha ya mmisionari wala ya askofu. Tunawaletea habari za Myahudi mmoja aliyekuwa tajiri wa glavu, kisha akawa mtengenezaji wa sinema, na mwishowe akaanza kuigawa mali yake. Huenda baadhi yenu mtauliza mtu huyo anatuhusu nini. Tunawaomba msome kwanza.

Alizaliwa katika mji wa Warsaw, nchini Poland, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Szmuel Gelbfisz. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa mwaka 1882, lakini waliochunguza habari zake wanasema ilikuwa karibu 1879. Sisi tulioandikisha watoto darasa la kwanza kwa kupima kama mkono uliopita juu ya kichwa unafika sikioni hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Baba yake alifariki angali kijana, na nyumba ilikuwa na dhiki. Basi akaondoka kwao kwa miguu, bila fedha za maana mfukoni, akaelekea magharibi hadi Hamburg huko Ujerumani. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 700, nayo inapita ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Huko Hamburg alifunzwa kazi ya kushona glavu. Kisha akavuka bahari, akakaa na jamaa zake Birmingham, Uingereza, na hapo ndipo jina lake lilipogeuzwa kuwa Samuel Goldfish, ili Waingereza waweze kulitamka. Mwishoni mwa karne akafika Marekani kwa kupitia Kanada.

Katika jimbo la New York uko mji uitwao Gloversville, ambao jina lake lenyewe maana yake ni mji wa glavu. Siku hizo bibi au bwana mwenye heshima zake hakutoka nje mikono mitupu, na sehemu kubwa ya glavu za Marekani zilishonwa katika mji huo na vijiji vya jirani. Goldfish alianza na kazi ya chini kiwandani, na jioni akasoma katika chuo cha biashara. Baadaye aliomba apewe sanduku la sampuli aende kuuza. Alikuwa na ulimi wa biashara. Alikuwa pia na kiburi cha kutokubali mwenye duka amwambie hapana. Akapanda hadi kuwa mkubwa wa mauzo yote ya kampuni, mwenye ofisi yake mjini New York na suti zilizoshonwa kwa kipimo chake. Mtu mwingine angetosheka.

Mwaka 1913 serikali ya Marekani ilipunguza ushuru wa forodha, na glavu za Ulaya zikatishia kufurika madukani. Goldfish aliona hatari kabla ya wengi. Mke wake wa kwanza alikuwa dada yake Jesse Lasky, aliyekuwa na kazi ya kuandaa maonyesho ya jukwaani. Shemeji hao wawili, pamoja na kijana mwandishi wa michezo aitwaye Cecil B. DeMille, wakaanzisha kampuni ya sinema, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutengeneza filamu. DeMille alitumwa magharibi, naye akakodi banda la farasi katika kitongoji cha Hollywood ambacho wakati huo kilikuwa na miti ya matunda kuliko watu. Hapo wakapiga picha ya *The Squaw Man*.

Filamu ilipokwisha wakaijaribu kwenye mashine, na picha zikawa zinarukaruka kitambaani, vichwa vya watu chini na miguu juu. Matundu ya pembeni mwa mkanda yalikuwa yametobolewa kwa kipimo kisicholingana na mashine. Fedha zote zilikuwa zimekwisha, na Goldfish alikuwa amekwisha kuiuza filamu hiyo kwa wenye majumba ya sinema kabla haijawa tayari! Wakaukimbiza mkanda kwa fundi mmoja Philadelphia, Sigmund Lubin, aliyekuwa mshindani wao. Lubin akaurekebisha. Filamu ikatoka Februari 1914, ikapendwa sana, na leo inahesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kutengenezwa Hollywood.

Tangu hapo habari zake ni za kugombana na washirika. Mwaka 1916 alitolewa katika kampuni ya kwanza. Akaunda nyingine na ndugu wawili waitwao Selwyn, wakaunganisha kipande cha Goldfish na kipande cha Selwyn, wakapata Goldwyn. Jina hilo likampendeza mno hata akalichukua liwe lake kisheria. Mwaka 1922 akatolewa na huko pia, na kampuni iliyobaki na jina lake ikaja kuunganishwa mwaka 1924 kuwa Metro-Goldwyn-Mayer, yenye simba anayenguruma. Wengi wetu tuliomwona simba yule tulidhani Bwana Goldwyn ndiye mwenyewe, kumbe hakufanya kazi katika kampuni hiyo hata siku moja. Ilibidi hakimu aamue kama mtu anaweza kulitumia jina ambalo kampuni yake ya zamani inalidai, naye akaruhusiwa. Tangu mwaka 1923 alifanya kazi peke yake, bila mshirika, akiweka fedha zake mwenyewe na mikopo ya benki katika kila filamu.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota njiani, naye alivuruga methali na misemo mpaka magazeti yakafanya mchezo. Mengi ya maneno hayo yalitungwa na watu wengine kisha akabandikwa yeye. Waliomcheka walisahau kwamba mtu huyo aliwalipa waandishi vizuri, akaamini kwamba filamu isiyo na hadithi njema haifai kitu. Ndivyo alivyotengeneza *Wuthering Heights* mwaka 1939, kutoka katika kitabu cha Emily Brontë, binti wa kasisi wa Kianglikana huko Yorkshire.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianzia nyumbani. Mwaka 1944 mke wake wa pili, Frances, alisoma gazetini habari za askari waliorudi likizo wakiwa na wasiwasi jinsi watakavyopokewa. Sisi pia tuliwajua wazee waliorudi kutoka Burma, wakakaa kimya barazani, asijue mtu la kuwauliza. Goldwyn akaagiza hadithi iandikwe, na mwaka 1946 ikatoka filamu ya *The Best Years of Our Lives*, ya askari watatu wanaorudi mji mmoja. Mmoja wao aliigizwa na Harold Russell, ambaye hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari kweli, aliyepoteza mikono yote miwili kwa baruti kambini tarehe 6 Juni 1944, na katika filamu anawasha kibiriti na kupiga piano kwa kulabu za chuma. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, na Russell akapewa Oscar mbili kwa kazi hiyo moja.

Mwaka uliofuata ilitoka *The Bishop's Wife*, inayomhusu askofu wa kanisa lenzetu la Kianglikana huko Marekani. Askofu anahangaika kutafuta fedha za kujenga kanisa kuu mpaka anamsahau mkewe, na malaika anatumwa kumsaidia. Mwishowe mjane tajiri aliyeahidi fedha za jengo anazitoa ziwafae maskini. Goldwyn hakuridhika na kazi ilivyoanza, akamwondoa mwongozaji, akatupa sehemu iliyokwisha kupigwa na kuanza upya, kwa hasara kubwa. Tungependa kamati zetu za ujenzi ziione filamu hiyo.

Hatutaki kumchora mtakatifu. Alikuwa na hasira, alipenda kamari, na wafanyakazi wake walimwogopa. Ndoa ya kwanza ilivunjika mwaka 1915, na binti aliyezaliwa humo alikua mbali na baba yake kwa miaka mingi. Jambo hilo linatusumbua kuliko kamari. Filamu yake ya mwisho, *Porgy and Bess* ya mwaka 1959, iliwakera Wamarekani weusi wengi walioona kwamba inawadhalilisha. Harry Belafonte, ambaye baadaye aliimba “Malaika” pamoja na Miriam Makeba, alikataa kuigiza ndani yake, na tunaona alikuwa na haki.

Lakini alitoa. Kijana yule aliyetoka Warsaw mikono mitupu alimpelekea mama yake fedha kutoka Marekani. Mwaka 1947 alianzisha mfuko wa hisani wenye jina lake. Mwaka 1955 ulianza mashindano ya uandishi kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha California huko Los Angeles, na vijana waliosoma kwa shida wakapata zawadi za fedha. Mwaka 1958 wenzake wa sinema walimpa tuzo ya wenye kuwasaidia wanadamu, yenye jina la Jean Hersholt, mwigizaji aliyeongoza kwa miaka mingi mfuko wa kuwatunza wazee na wagonjwa wa kazi hiyo. Mwaka 1971 Rais Nixon alikwenda nyumbani kwake, Goldwyn akiwa mgonjwa, kumvika nishani.

Alifariki tarehe 31 Januari 1974. Frances alimfuata mwaka 1976, na mfuko ukaendelea. Maktaba ya Hollywood ilipoteketea kwa moto mwaka 1982, mfuko huo ulitoa fedha za kuijenga upya. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1986, nalo likapewa jina la Frances, aliyekuwa amesoma gazeti lile.