Mavazi ya Mtakatifu Thomas wa Canterbury

Katika mji wa Fermo, nchini Italia, imehifadhiwa kasula ya kale ya hariri ya samawati, iliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Ndani ya miduara yake mna tausi, tai na tembo. Na kati ya nakshi hizo yamo maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa kitambaa chake kilidariziwa na mafundi wa Hispania ya Waislamu, katika karne ya 12. Mapokeo ya Fermo yasema kwamba aliyeivaa ni Mtakatifu Thomas Becket.

Thomas alizaliwa London yapata mwaka 1120, mwana wa mfanyabiashara. Mfalme Henry wa Pili alimfanya Chansela wake, mlinzi wa mhuri wa ufalme. Siku hizo Thomas alipenda mavazi ya fahari na karamu kubwa. Mwaka 1162 mfalme alitaka awe Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani kwamba kwa mkono wa rafiki yake atalitawala Kanisa. Lakini Thomas aliuacha uchansela, akakataa mapadre wenye makosa wahukumiwe na mahakama za mfalme. Mwaka 1164 alikimbilia Ufaransa, akakaa huko miaka sita. Alirudi mwanzoni mwa Desemba 1170, na tarehe 29 ya mwezi huo askari wanne wa mfalme walimwua ndani ya kanisa lake.

Watawa walipomvua ili wamzike, walikuta chini ya nguo zake za kiaskofu vazi la singa, gumu, lenye kuchoma ngozi, nalo limejaa chawa. Wengi wao hawakujua habari hiyo kamwe. Mwaka 1173 Papa Alexander wa Tatu alimtangaza Mtakatifu. Na mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikwenda kaburini pake kwa miguu mitupu, kutubu.

Sisi wa Lindi na Kilwa, tunaozijua kofia za kudarizi za jirani zetu Waislamu, tutaielewa upesi kasula ile. Kanisa halikuona haya kuipeleka altareni kazi njema ya mikono ya wengine. Basi tukichanga fedha za kununua mavazi ya ibada, tuchange kwa moyo, maana uzuri wake ni heshima ya altare. Naye padre anayeyavaa asijihesabie uzuri huo kuwa wake. Akumbuke lile vazi la singa.