Dk. Remmy Ongala: miaka ile ya soksi ndo inastahili filamu

Wadau, ikitengenezwa filamu ya maisha ya Dk. Remmy Ongala, naomba isikimbilie mwisho, pale alipookoka na kuimba injili. Ikae katikati, kwenye moto.

Kwa wasiomjua: Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar 1978 kupigia Orchestra Makassy, baadaye akang'ara na Super Matimila. Mwaka 1988 akapanda jukwaa la WOMAD kule Uingereza, na 1989 ikatoka albamu Songs for the Poor Man. Jina lishakuwa kubwa, angeweza kuimba mapenzi tu akala maisha.

Yeye akaja na Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu. Ukimwi ulishagundulika Kagera tangu 1983, watu wanazikwa, ila kuitaja kondomu hadharani ilikuwa aibu. Redio Tanzania ikagoma kuupiga. Na wakati ule redio binafsi hazijaanza, kwa hiyo ukikataliwa pale ndo basi tena, umebaki na kanda na ukumbi wa dansi.

Wapo walioona anachochea uzinzi. Sawa, lakini kunyamaza kulimwokoa nani? Sisi vijana wa Arusha, kuanzia Ngarenaro mpaka Usa River, kondomu tunaiona dukani kama kiberiti. Haikuwa hivyo bure, kuna watu walibeba lawama kwanza.

Remmy alifariki Dar, 13 Desemba 2010. Mnasemaje wadau, redio ilikuwa sahihi?