Wallace Sabine, mwalimu aliyepima sauti kwa mito ya viti

Anayenunua spika mpya na kuzifunga sebuleni mara nyingi hujikuta akizungusha kitufe cha besi jioni nzima bila kuridhika. Fundi akiitwa hukagua nyaya na amplifaya, kisha huenda zake. Ni nadra mtu kutazama sakafu ya vigae, dirisha lisilo na pazia na dari ya zege. Wa kwanza kuyatia hayo katika hesabu alikuwa Mmarekani, Wallace Clement Sabine, na aliifanya kazi hiyo kwa sababu alitumwa.

Sabine alizaliwa Richwood, katika jimbo la Ohio, Juni 13, 1868. Alimaliza chuo kikuu akiwa na miaka 18, akaenda Harvard, ambako baadaye alifundisha fizikia. Shahada ya udaktari hakuwahi kuichukua.

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jumba la sanaa la Fogg. Ukumbi wake wa mihadhara ulikuwa wa kupendeza macho tu. Neno moja likitamkwa lilizunguka humo kwa zaidi ya sekunde 5, kwa hiyo sentensi ya mwalimu ilizama ndani ya mwangwi wake mwenyewe na wanafunzi wakatoka bila kusikia kitu. Rais wa chuo, Charles Eliot, akamwita kijana Sabine na kumtaka aurekebishe.

Mchana palikuwa na kelele za barabarani, hivyo akafanya kazi kati ya saa sita usiku na alfajiri. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda lililopulizwa kwa hewa ya tangi, saa ya kurekodi, na sikio lake. Alikata hewa, akasikiliza mpaka sauti ikapotea kabisa, akabonyeza kitufe. Kisha yeye na wasaidizi wake waliazima mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, wakaibeba hadi Fogg, wakapima, wakaongeza mingine, wakapima tena. Kabla ya asubuhi ilibidi yote irudishwe mahali pake. Ukumbi ulipojaa mito, mwangwi ulishuka hadi zaidi kidogo ya sekunde 1. Aligundua pia kwamba mtu mmoja hunyonya sauti sawa na mito sita hivi, na kwamba hata nguo alizovaa mwenyewe zilibadilisha matokeo. Alipoligundua hilo la nguo alivitupa vipimo vya muda mrefu na kuanza upya, safari hii akivaa mavazi yale yale kila usiku. Wengi wetu tungenyamaza na kuendelea.

Fogg ukawekewa kitambaa kizito ukutani mwaka 1898, ukatumika. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa bado inamkwepa. Mwaka huo huo Henry Lee Higginson, tajiri aliyeianzisha okestra ya Boston, alitaka kujenga ukumbi mpya wa muziki na Eliot akampendekeza Sabine. Sabine alisita, kwa sababu kushauri ujenzi wa fedha nyingi kiasi kile kwa kukisia kungekuwa hatari. Akarudi kwenye daftari zake, na jioni moja nyumbani, mama yake akiwepo, akaiona: namba zote zilikaa kwenye mchoro mmoja wa hiperbola. Akakubali kazi.

Kanuni ni nyepesi. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, gawanya kwa uwezo wa chumba kunyonya sauti. Kipimo cha unyonyaji alikitoa kwenye dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotokea dirishani hairudi. Tuseme sebule yako ina mita 5 kwa 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 60. Ikiwa tupu, yenye vigae na plasta, na inanyonya kama dirisha la mita 6 za mraba, mwangwi utakaa sekunde 1.6. Tandika zulia, ning'iniza mapazia mazito, ingiza makochi na watu, unyonyaji ufike 20, na mwangwi unashuka chini ya nusu sekunde. Spika ni zile zile.

Ukumbi wa Boston ulifunguliwa Oktoba 15, 1900. Baadhi ya wahakiki hawakuusifu, na jambo hilo lilimuumiza Sabine. Leo unatajwa pamoja na kumbi za Vienna na Amsterdam miongoni mwa bora kabisa duniani, lakini sifa hiyo ilikomaa baada ya yeye kufa.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ulaya, ambako aliugua, kisha ikamrudisha Marekani kugawa siku zake kati ya Harvard na kazi za serikali Washington. Figo zilimsumbua. Upasuaji aliuahirisha mpaka vita viishe. Viliisha Novemba 1918, na yeye akafariki Januari 10, 1919, akiwa na miaka 50.

Huko Geneva, Illinois, tajiri George Fabyan alikuwa amemjengea maabara ya sauti ya Riverbank. Sabine hakuwahi kufanya kazi ndani yake. Aliyeichukua ni ndugu wa ukoo wake, Paul Sabine.