Livingstone, mlobaji aliyenyimwa pirogi

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 kule Blantyre, Scotland. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kazi katika fabriki ya nyuzi za pamba; saa akipata nafasi, aliloba samaki na ndugu zake katika muto Clyde. Ule muto aliujua.

Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, kwenye Lualaba yetu, mbele maji hayajafika Kindu na Lokandu. Alitaka kujua: haya maji yanaenda kwenye Nile ao wapi? Akatafuta pirogi. Wagenya, wenye muto, wakakatala. Walikuwa na sababu: walimuona anakaa pamoja na wachuuzi wa watumwa. Tarehe 15 Julai watu wa wale wachuuzi wakapiga bunduki sokoni. Mamia wakakufa, wengi wanawake, wengine wakizama majini.

Livingstone akarudi Ujiji. Alikufa Mei 1873, akifikiri bado Lualaba ni Nile. Stanley ndiye aliyeshuka nayo, akapita huku kwetu, akatokea Boma mwaka 1877. Lakini habari ya Nyangwe ilifika Uingereza, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.